Nani Kaigusa Pikapu ya Ngolo?

Kijiwe hiki hakina jina, kwa sababu kila aliyejaribu kukipa jina alipingwa mpaka akaenda zake. Ni kiti kirefu cha basi lililokufa zamani, kimepandishwa juu ya matofali mbele ya duka la ushonaji, nyuma ya soko la Ségou, na kila siku kuanzia alasiri wanakikalia wanaume wanne wazima ambao wake zao wanajua pa kuwapata na hawana haja ya kuwapata. Mwenye duka ni Zan Coulibaly, fundi cherehani, aitwaye Waziri kwa kuwa havui koti hata jua likichemsha lami. Anayefuata ni Tiémoko Traoré, fundi redio, ambaye tangu aifufue redio ya imamu anajiita Dokta. Mpika chai ni Fousseyni Sanogo, yaani Sukari, mtu wa miaka arobaini na sita ambaye bado anaitwa mdogo, maana mdogo ndiye hupika chai, na hajatokea mwingine wa kumpokea birika. Wa nne ni Ngolo Diarra, mwenye pikapu. Nayo pikapu huegeshwa papo hapo, pua yake karibu na jiko la makaa, kama mwanakijiwe wa tano asiyekunywa. Jumamosi hiyo Sukari alikuwa amekwisha kugawa chai ya kwanza, ile chungu, lakini Ngolo hakuitazama gilasi yake. Alikuwa anatazama mikono ya rafiki zake.

— Iwashe tena tuisikie, alisema Dokta.

Ngolo akapenyeza mkono dirishani, akazungusha ufunguo. Pikapu ikakohoa, ikashika, ikanguruma vizuri kwa muda wa mtu kusema bismillahi, kisha ikaanza mambo yake: ikapanda, ikashuka, ikanong'ona, ikatetemeka mpaka kioo cha pembeni kikawa kinamkonyeza kila apitaye. Halafu ikazimika.

— Innalillahi, alisema Sukari.

— Nyamaza! Haijafa! alifoka Ngolo. Ni sailensa tu. Haitulii.

Sailensa ndiyo ule mngurumo wa gari lililosimama, dereva akiwa hajakanyaga mafuta. Na kwa safari aliyokuwa nayo Ngolo kesho yake, afadhali hata breki zingekosekana.

Kesho Jumapili alikuwa anapeleka mji wa Bla vyombo vya bibi harusi: mabeseni, masufuria, kabati la vioo na godoro la Kankou, mtoto wa dada yake. Mjomba mwenye gari ndiye hubeba, hilo halina mjadala. Na huko wanakokwenda, ukoo wa bwana harusi una desturi yake: gari la vyombo lifike mlangoni likinguruma, libaki linanguruma, mpaka dada za bwana harusi watoke, waimbe, watukane kidogo, wagombanie kupiga honi, ndipo wafungue lango. Inaweza kuchukua robo saa. Injini ikizimika kabla lango halijafunguka, wale wanawake hushika viuno na kusema vyombo vimekataa kuingia, na mwenye vyombo naye hatakaa. Mwaka juzi ilimtokea binti wa muuza samaki. Aliporudi kwao baada ya miezi mitatu, kila mtu alijua mumewe alikuwa analala kwenye meza ya karata, lakini mtaa mzima ulilaumu kabureta.

— Diarra, tuseme ukweli, alisema Waziri, akikunjua miguu. Petroli unanunua wapi?

— Kwa yule mama wa chupa, pale njia panda.

— Basi imekwisha. Yule mama anachanganya.

— Anachanganya na nini?

— Maji. Mimi nilinunua kwake nikasafishia nguo yenye doa. Doa likatoka.

— Si ndiyo kazi ya petroli, kutoa doa?

— Nguo ilikauka ikanukia sabuni! Nakwambia yule mama ana siri. Na mbona anavaa miwani ya jua akipima?

— Macho yanamuuma, alisema Sukari.

— Yanamuuma kwa aibu!

Ngolo akawaza. Yule mama wa chupa ni binamu wa Bréhima, yule kijana wa pikapu mpya anayeitwa Turbo. Na Turbo, kwa hesabu za Ngolo, ndiye angefaidika kuliko wote kama vyombo vya Kankou vingekosa gari. Aliweka jambo hilo moyoni, kando ya mambo mengine thelathini aliyokuwa ameyaweka huko tangu wiki mbili zilizopita.

— Petroli haihusiki, alisema Sukari, akimimina chai kutoka juu, mkono umenyooka mpaka kwenye paji la uso, povu likajaa gilasi. Petroli mbaya ingekuwa mbaya saa zote. Hebu tazameni hii pikapu. Asubuhi inapiga kelele kama mashine ya kusaga mtama. Mchana inanong'ona. Jioni inazimika. Petroli gani inaangalia saa?

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo kuna kitu hai mle ndani. Mjusi. Amelala kwenye bomba la hewa. Asubuhi bado mwembamba, hewa inapita. Mchana keshakula nzi, ametuna. Jioni keshashiba, ameziba.

Waziri alicheka mpaka koti likafunguka kifungo.

— Mjusi! Injini inawaka moto, mjusi amelala!

— Kwani Ségou hii yupo asiyelala kwenye joto?

Waziri akafunga kifungo chake. Dokta aliinua kidole. Dokta akiinua kidole ujue redio imeshika stesheni.

— Sukari umekaribia, lakini umeishia kwa wadudu. Swali ni hili: Diarra, hii pikapu ulinunua kwa nani?

— Mnadani. Ilikuwa ya ofisi fulani ya serikali.

— Ya serikali! Mmesikia wenyewe? Miaka kumi na moja imefanya kazi serikalini. Saa mbili inaingia kwa kelele, watu waone imefika. Saa sita inanong'ona, inatafuta chakula. Saa kumi inazima, inakwenda kwao. Hii si mbovu, jamani. Hii ni mtumishi!

— Lakini nimekaa nayo miaka minane bila kusumbua, alisema Ngolo.

— Ilikuwa likizo. Sasa imerudi kazini.

Walicheka, naye Ngolo akacheka, lakini jicho moja halikucheka. Alikuwa amegundua kwamba Dokta ametaja saa zote tatu bila kukosea. Mtu asiyeifuatilia pikapu ya mwenzake anazijuaje saa zake?

— Traoré, alisema Ngolo polepole. Wewe umeona lini kwamba inazimika saa kumi?

— Mimi? Mimi ndiye ninayeizima! alijibu Dokta, akajipiga kifua. Nafungua boneti, nachomeka bisibisi, naizungusha skrubu yako, naondoka zangu. Diarra akiwa na gari linalotulia atatuheshimu sisi Traoré? Mla kunde wewe!

Kijiwe kikavunjika kwa kicheko. Maana Traoré na Diarra ni watani tangu enzi za mababu wa mababu, na kuitana mla kunde ndiyo salamu yao. Traoré anaweza kusimama msibani kwa Diarra akadai marehemu alikuwa mpishi wake. Diarra anaweza kuingia kwa Traoré akachukua kuku akimwita deni la ukoo. Hakuna kununa. Kwa hiyo Dokta alikuwa akikiri kosa hilo kila siku tangu wiki ya kwanza, mbele ya watu, kwa sauti, na kila siku Ngolo alikuwa anamjibu vilevile:

— Mkono wako utaweza wapi kufungua boneti, umelegea kwa kunde za jana.

Safari hii, lakini, Ngolo hakujibu hivyo. Alinyanyuka, akavuta kanzu yake ikae sawa, akazunguka mbele ya pikapu.

— Kaeni hivyo hivyo, alisema. Asinyanyuke mtu.

— Diarra, una nini? aliuliza Waziri.

— Jana magharibi, ninyi mkiwa mmekwenda kuswali, nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu.

Waziri na Dokta wakatazamana.

— Ulichukua nini? aliuliza Sukari.

— Rangi ya kucha. Nyekundu.

— Kaka Ngolo, kama kuna jambo unataka kutuambia, sisi ni ndugu...

— Pumbavu! Si ya kujipaka! Niliipaka skrubu ya sailensa. Mstari mmoja mwembamba, kutoka kichwa cha skrubu mpaka kwenye kabureta. Skrubu isipoguswa, mstari uko sawa. Ikiguswa hata kidogo, mstari umekatika. Leo nitamjua aliyetumwa na Turbo.

Akafungua boneti. Vichwa vinne vikaingia chini yake kwa pamoja, vikagongana, vikatoka, vikaingia tena kwa zamu. Mstari haukukatika tu. Nusu ya chini ilikuwa palepale kwenye kabureta, na nusu ya juu imekwenda zake upande wa pili, kama mume na mke waliogombana wakageuziana migongo.

— Ah, alisema Waziri.

— Ah, alisema Sukari.

Dokta alishusha kidole alichokuwa ameanza kukiinua, na hilo ndilo lililomtisha Ngolo kuliko yote.

— Na hiki nini? Waziri aliruka, akanyoosha kidole penye betri. Uzi! Uzi mwekundu! Jamani, msiuguse! Umefungwa!

Kweli, kwenye kichwa cha betri ulining'inia uzi mwekundu, umejikunja mafundo matatu. Sukari alirudi nyuma hatua tano akiwa na birika mkononi. Ngolo akashika boneti kwa mikono miwili. Kumbe si petroli, si mjusi. Mtu amemfungia gari. Mtu amekwenda mbali, kalipa kitu kwa mganga fulani mwenye ndevu, kapewa uzi, ili Kankou arudishwe kwao baada ya miezi mitatu.

— Mafundo matatu, alisema Waziri, sauti imeshuka. Moja la dereva, moja la gari, moja la...

— Waziri, alisema Dokta.

— Ngoja nimalizie. Moja la...

— Waziri, geuza mkono.

Waziri akageuza mkono. Kwenye pindo la mkono wa koti lake, pale anapochomeka sindano zake, ulining'inia uzi mwekundu. Rangi ileile, unene uleule, na mafundo yake yaleyale ya mtu anayekata uzi kwa meno. Ulikuwa uzi wa gauni la Kankou, ambalo lilikuwa limetundikwa dukani nyuma yao tangu Jumatano.

— Waziri! alisema Ngolo. Umefunga gari langu?

— Mimi? Nimfungie Kankou wakati namshonea? Akili iko wapi?

— Uzi wako umefikaje kwenye betri yangu?

Waziri alikaa. Alifungua koti, akafunga koti. Alitazama barabara kama anasubiri basi.

— Haya, alisema. Alfajiri, nikitoka kuswali, huwa naichungulia.

— Unaichungulia?

— Na kuigusa kidogo. Robo tu ya mzunguko, kuelekea kulia. Nikasema, Ngolo atakuja, atawasha, itanguruma vizuri, nami jioni mbele ya watu wote nitasema: unajua nani ameitengeneza? Zan Coulibaly! Basi. Ndiyo kosa langu.

— Kila alfajiri?

— Kila jioni uliniambia bado haijapona! Ningefanyaje?

— Ndiyo maana asubuhi inapiga kelele kama mashine ya mtama, alisema Sukari kwa uchungu. Ungeiacha, mimi nisingehangaika kuirudisha...

Akaziba mdomo kwa kitambaa cha birika. Alikuwa amechelewa.

Ngolo hakumfokea. Alichomeka kidole chini ya boneti, akakigusa kichwa cha skrubu, akakitazama, akakilamba.

— Sukari, alisema.

— Naam, kaka.

— Skrubu yangu ni tamu.

— Kaka Ngolo, nisikilize. Mchana nikileta makaa, nilikuwa naisikia inapiga kelele mno. Gilasi zinatetemeka, povu linakufa. Nikaishusha kidogo kwa kisu cha kukatia mnanaa. Kushoto. Kwa ajili ya chai, wallahi, na kwa ajili yako pia.

— Na ukakaa hapa unanieleza habari za mjusi!

— Mjusi niliwaza kweli! Nilikuwa nashangaa, naishusha leo, kesho nakuta imepanda. Nikasema kuna kiumbe mle ndani.

— Kiumbe kilikuwa mimi, alisema Waziri.

— Sasa si ndiyo najua!

Wote watatu wakamgeukia Dokta. Dokta alikuwa amekwisha kukaa, gilasi mkononi, uso wa mtu aliyeonewa.

— Msinitazame hivyo. Mimi nilisema.

— Ulisema nini?

— Kila siku nilisema! Nafungua boneti, nachomeka bisibisi, nazungusha skrubu. Saa tisa na nusu, Diarra akiwa anatawadha. Nimekiri kuliko mtu yeyote Mali hii. Mlicheka!

— Ulisema kwa utani!

— Nilisema ukweli, wewe ukaufanya utani. Ningekwambia kwa namna gani? Nikikunja uso ungeniuliza kwa nini Traoré amenuna mbele ya Diarra. Mtani hana mlango wa kupitishia ukweli, ndugu yangu. Nilijaribu hata kukuandikia.

— Ukaandika nini?

— Nikaandika, nikakuta imetokea kama tusi, nikaichana.

Ngolo alishika kichwa. Aliwaza alfajiri kulia, mchana kushoto, alasiri anakojua Dokta, siku kumi na nne mfululizo. Turbo hakutuma mtu. Mama wa chupa macho yalikuwa yanamuuma kweli. Hakukuwa na mwenye ndevu, wala mjusi. Walikuwepo rafiki zake watatu tu, kila mmoja akimtibia mgonjwa kwa siri ili apate kusifiwa peke yake.

— Na wewe? aliuliza Dokta.

— Na mimi nini?

— Wewe hukuigusa kabisa?

Ngolo alitaka kusema hapana. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

— Nilipopaka rangi... niliikaza kidogo kwanza. Ili ianze vizuri.

— Kidogo kiasi gani?

— Sikumbuki.

— Aha! walisema watatu kwa sauti moja, na kijiwe kizima kikaanza kugombana upya, huyu akitaka skrubu irudishwe kulia robo mbili, yule akisema kushoto tatu, mikono imejaa chini ya boneti kama wanatafuta pete kisimani. Ndiyo maana hakuna aliyemwona Sitan akija.

Sitan Diarra, dada yake Ngolo, mama yake Kankou, alikuwa ametembea kutoka nyumbani, miguu imejaa vumbi, mkono mmoja una hina ya jana. Alisimama nyuma ya ile migongo minne akawasikiliza muda mrefu kuliko walivyostahili. Kisha akasema:

— Asalaam alaykum, wakuu.

Wakatoka chini ya boneti, wakajipanga kama wanafunzi waliofumaniwa. Waziri alimpisha kwenye kiti. Sitan hakukaa.

— Ngolo, nimetoka kwa Bréhima.

— Kwa Turbo! alifoka Ngolo. Nilijua. Nilijua tangu mwanzo! Amekuomba mzigo?

— Mimi ndiye niliyemwomba. Nilisikia gari lako halitulii, nikaogopa. Nikamwambia, nibebee vyombo vya mwanangu. Unajua alinijibu nini? Alikataa. Alisema, mama, mjomba wa binti yu hai na gari lake liko barabarani, mimi nani nimpite? Aliona haya hata kunitazama.

Ngolo alitazama chini. Mambo thelathini aliyoyaweka moyoni yalianza kuondoka moja moja, bila kuaga.

— Kwa hiyo ni wewe, au ni mkokoteni wa punda, alisema Sitan. Na mimi ni mama, kwa desturi mama haendi. Kesho nitakaa nyumbani nimeshika simu. Nitahesabu saa: sasa wametoka, sasa wamefika Bla, sasa wako mlangoni. Hapo mlangoni ndipo roho yangu itakuwa. Nieleze basi, gari linaumwa nini?

Wakamweleza. Wote wanne, kwa pamoja. Waziri akaeleza habari za kulia, Sukari habari za kushoto, Dokta akaeleza kwamba yeye alikiri, Ngolo akaeleza rangi ya kucha. Sitan alisikiliza hadi mwisho, akiwageukia mmoja mmoja, bila kukunja uso. Walipomaliza aliuliza kwa upole:

— Na kabla hamjaigusa, ilikuwa na ugonjwa gani?

Waziri alifungua mdomo. Akamgeukia Sukari.

— Ilikuwa... si ilikuwa inatetemeka? Sukari, si wewe uliniambia?

— Mimi? Mimi nilisikia kwako! Ulisema haina raha.

— Nilisema hivyo kwa sababu Dokta alisema mlio una kasoro.

— Mimi nilisema kwa sababu Diarra alikuja amenuna! Nikadhani ni gari.

Wakamtazama Ngolo. Ngolo alijaribu kuikumbuka siku ile. Ilikuwa siku ilipopangwa tarehe ya harusi. Alikaa hapa, akaiwasha pikapu, akaisikiliza. Hakuwahi kuisikiliza hata mara moja miaka minane yote. Alikuwa anapanda na kwenda. Siku hiyo alisikiliza kwa sababu ya lile lango la Bla, na ukisikiliza kwa hofu kila kitu kina kasoro, hata moyo wako mwenyewe. Alitafuta ugonjwa. Alitafuta jina lake, dalili yake, siku yake. Chai ya tatu ilikuwa imechemka, Sukari hakuimimina.

Ugonjwa hakuupata.

— Bisibisi, alisema Sitan, akanyoosha sinia la chai.

Waziri alitoa ile ndogo ya cherehani. Dokta alitoa ya redio, yenye mpini wa plastiki. Sukari aliweka kisu cha mnanaa, kisha baada ya kutazamwa akaweka na sarafu moja iliyosuguliwa ukingo. Ngolo alikuwa wa mwisho. Yake ilikuwa ndani ya kanzu, imefungwa kwenye leso, na leso ile ilikuwa na doa jekundu la rangi ya kucha. Sitan alivikusanya vyote, akavifungia kwenye ncha ya kitenge chake, akakaza fundo.

— Tunakwenda kwa fundi magari Madu, alisema. Sasa hivi, kabla hajafunga. Mtu mmoja ataigusa, mbele yangu, mara moja. Halafu italala uani kwangu mpaka vyombo vipakiwe.

— Madu! alisema Ngolo. Dada, Madu mwenyewe nina wasiwasi naye. Mwaka jana alinirudishia plagi ambazo...

Sitan alimtazama. Ngolo akafunga boneti.

Ngolo na dada yake wakapanda. Pikapu ilikohoa, ikashika, ikaanza kupanda na kushuka. Mkono wa Ngolo ulinyanyuka wenyewe kuelekea mlango, ukataka kushuka kwenda kuangalia. Akaurudisha kwenye usukani, akaingiza gia. Pikapu ikaondoka ikitetemeka kidogo, kama gari lolote la umri wake, wala haikuzimika. Ngolo alikuwa anatazama kioo cha pembeni.

— Unaangalia nini? aliuliza dada yake.

— Kama wanatufuata.

— Watatufuata na nini? Nimewanyang'anya.

Ngolo aliwaona kiooni, watatu kwenye kiti cha basi, kila mmoja amekalia mikono yake. Kisha akamwona Dokta anasimama, anajipapasa mifuko, anageuka upande wa kwao, anaanza kutembea haraka haraka.

— Dokta ana bisibisi nyingine nyumbani, alisema.

Sitan aliushika mlango kwa mkono wenye hina.

— Basi kanyaga mafuta.